Upande wa Pili wa Shuka

Wajukuu zangu, pamoja na nyinyi ambao si wajukuu zangu ila mnakula kwangu kila Jumapili baada ya ibada: kiongozi wenu wa vijana ameniomba niandike ushuhuda. Nikamuuliza, ushuhuda wa namna gani? Akasema chochote ambacho Mungu amenifundisha maishani. Nikacheka. Mimi sijawahi kuona malaika, sijaota ndoto yenye ngazi, na wagonjwa niliowaombea wengi wao walipona kwa vidonge. Nilichokiona kwa wingi katika maisha yangu ni mashuka. Basi nitawaambia habari za mashuka. Wale ambao Kiswahili chenu kimeishia masikioni, kaeni karibu na anayejua kukisoma awasomee, na msinijibu kwa Kiingereza mpaka nimalize.

Nimestaafu juzijuzi tu. Kabla ya hapo, tangu tulipotoka kambi ya wakimbizi tukaletwa Toronto na kupata nyumba hapa Mount Dennis, nilifanya kazi mahali pamoja: kiwanda cha kufua nguo kule Malton, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Sisi Wakongomani tulipaita buandari, kama tulivyopaita mahali pa kufulia kule kwetu. Tulifua mashuka na taulo za mahoteli. Msinifikirie na beseni na sabuni ya mche. Mashine zetu zilikuwa kubwa kuliko sebule za nyumba zenu, na zilimeza mashuka ya hoteli nzima kabla hujamaliza chai yako.

Sehemu yangu ilikuwa pasi kubwa. Hiyo ni mashine yenye silinda za moto zinazozunguka. Unaliingiza shuka likiwa na unyevu, linatoka upande wa pili limenyooka na moto. Asubuhi za majira ya baridi nje kulikuwa na theluji hadi magotini, na ndani kulikuwa na joto la Uvira mvua inapokaribia. Mvuke ulipanda mpaka darini ukakaa hapo. Kila kitu kilikuwa cheupe. Ndege zilipita chini sana juu ya paa, madirisha yakatetemeka, halafu kimya kikarudi, yaani kile kimya cha mashine ambacho ukikizoea hukisikii tena. Kuna saa nilisahau nipo wapi. Nilimwona mama yangu anatandaza nguo kwenye majani kando ya mto, nikanusa hata yale majani, kisha nikaona mikono yangu mwenyewe inashika pembe ya shuka lingine. Sikuwa nimelala, nawaambia. Lakini sikuwa macho pia.

Mtu niliyesimama naye miaka hiyo yote ni Mama Sifa. Wengi wenu mnamjua kwa sauti: ndiye ile alto inayotingisha viti vya kanisani. Yeye ni wa Fizi, mimi ni wa Uvira, na kambini hatukuwahi kuonana. Tulikutana hapa, mbele ya pasi kubwa, siku yangu ya pili kazini, alipotazama jinsi nilivyoshika shuka akasema, "Mama, hilo ni shuka, si mbuzi. Halitakimbia."

Sikilizeni jinsi kazi ile ilivyo, kwa sababu habari yote imo humo. Shuka la kitanda kikubwa halishikwi na mtu mmoja. Mnasimama wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia. Kila mmoja anatafuta pembe zake, mnavuta, mnakung'uta mara moja, mnaliweka kwenye mkanda likaenda kwenye moto. Ukivuta kuliko mwenzako, linaingia mshazari na linatoka na mikunjo ya ajabu. Ukilegeza, linafanya mfuko katikati. Mgeni wa kazi humtazama mwenzake usoni, na hilo ni kosa, maana uso unakuchelewesha. Tazama mikono. Baada ya muda hutazami hata mikono. Unahisi kwenye vidole, kupitia kitambaa, kama mwenzako amelala vizuri, kama goti linamsumbua, kama ana habari njema anaikalia mpaka wakati wa chakula.

Mama Sifa alikuwa na tabia ya kuwaombea waliolala kwenye yale mashuka. Yalikuwa ya hoteli za jirani na uwanja wa ndege, na wanaolala humo ni watu wa njiani: wamekosa ndege, wanakwenda kuzika, wanakwenda kuoa, wamefukuzwa. Tulipovuta shuka, alinong'ona, "Huyu afike salama." Linalofuata: "Na huyu." Mwanzoni nilimcheka. Baadaye nikaona mdomo wangu nao unatembea. Mkiniuliza nilijifunzia wapi kuomba bila kukoma, sikujifunzia kwenye mkesha. Nilijifunzia hapo.

Msimamizi wetu alikuwa Marcia, mama wa Jamaika, mnene, mkali, mwenye moyo mzuri anaouficha kama watu wanavyoficha pipi watoto wasione. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima unyevu. Alichukua shuka kutoka kwenye kapu, akaliweka shavuni kwake, kisha shavuni kwangu. "Hili limekauka mno," akasema. "Shuka likikauka kabisa kabla ya pasi, mikunjo haitoki tena, hata uongeze moto. Lirudishe majini." Nilifikiri anatania. Nikalipitisha kwenye pasi makusudi, likatoka limejaa makunyanzi kama mkono wangu huu. Nikalirudisha majini.

Marcia pia ndiye aliyenifundisha habari ya damu. Wageni wengi hapa hutokwa na damu puani wakati wa baridi, kwa ukavu wa hewa ya vyumba vyenye hita. Mimi nilijua uchafu mkubwa unataka maji ya moto. Kumbe damu ukiipiga maji ya moto unaipika. Inashika kwenye uzi na haitoki milele. Damu inataka maji baridi, na muda, na mtu asiye na haraka. Andikeni hilo mahali. Litawafaa na kwenye nguo.

Nisiwachoshe na mambo ya huzuni kabla ya kuwaambia ya kitenge. Mwaka mmoja kwaya yetu ilipata sare mpya, kitenge cha buluu nzito kilichotoka kwa fundi Jumamosi na kutakiwa madhabahuni Jumapili ya wiki iliyofuata. Kilikuwa na ile gundi ya dukani, kigumu, kinakwaruza shingo. Mama Sifa akapata wazo. Akaja Jumatatu na sare za kwaya nzima kwenye mfuko wa mchele, akazitumbukiza kwenye mashine moja na mashuka ya hoteli, "zilainike kidogo." Nilimwambia, "Mama Sifa, hiyo rangi itatoka." Akasema, "Hiki ni kitenge cha bei, hakitoi rangi." Baada ya saa moja tulifungua mlango, na mashuka yote yalikuwa na rangi ya anga ya asubuhi. Yalikuwa mazuri sana, nisiwafiche. Lakini hoteli haikuwa imeagiza anga.

Marcia alikuja, akatazama mashuka, akatazama mfuko wa mchele, akatutazama sisi wawili. Hakuuliza kitu. Aliyasukuma mashuka yale mwenyewe mpaka kwenye mashine ya mwisho, akatia dawa ya kung'arisha, akakaa hapo mpaka yalipokuwa meupe tena, na mkubwa wake alipopita na kuuliza kwa nini mashine ile imechelewa, akajibu, "Nilikuwa nayahudumia mashuka." Mpaka nastaafu hakuitaja tena habari ile. Nimesikia mahubiri mengi juu ya neema, mengine marefu kupita kiasi. Sijasikia yaliyoifafanua kuliko mgongo wa Marcia akiwa ameinama kwenye ile mashine.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mnajua desturi yetu ya msiba, hata kama mnailalamikia. Mtu haambiwi kifo kwa simu. Haambiwi akiwa njiani, wala kazini, wala peke yake. Ndugu walioko nyumbani hupigia simu kanisa kwanza. Wazee na wamama wanakubaliana, wote wanafunga midomo, na jioni wanakwenda kwake wengi, wanajaa sebuleni, wanamketisha, ndipo mmoja anasema. Ndiyo maana mnapoona wamama wa kanisa wamefika kwenu bila taarifa, na mmoja kabeba katoni ya maji, mama zenu hubadilika sura kabla ya salamu. Ni desturi nzuri. Anguko la mtu linapokelewa na mikono mingi. Ila ilitengenezwa huko ambako jirani yupo hatua chache na maiti inangoja wote wafike.

Mama yangu alifariki Uvira, katikati ya majira ya baridi ya huku. Ndugu zangu walipigia kanisa. Habari ikawafikia wamama wote kabla sijaamka. Mimi nikapanda basi kwenda Malton, nikafungia simu kwenye kabati la wafanyakazi kama kanuni ilivyotaka, nikavaa kofia ya nywele, nikasimama upande wangu wa pasi kubwa. Na Mama Sifa akasimama upande wake. Alijua.

Mikono yake ilivuta vibaya asubuhi ile. Shuka la kwanza liliingia mshazari, na la pili, na la tatu. Nikamtania, "Mama Sifa, umekunywa nini na uji?" Akacheka. Wajukuu zangu, alicheka kabisa, mpaka meno yakaonekana. Tukafanya kazi siku nzima, isipokuwa ule muda wa asubuhi alipokawia chooni na Marcia akashika upande wake, tukala pamoja, akanipa nusu ya samaki wake. Jioni nilipofungua mlango wangu nikakuta sebule imejaa, na yeye akaingia nyuma yangu. Walinieleza. Na niliposema niunganishiwe simu nimwone mama yangu, kaka yangu akajibu kutoka kule kwamba wameshazika tangu mchana wao. Mchana wao ndiyo asubuhi yetu. Wakati ule nilikuwa nakung'uta mashuka. Watu walioko Australia waliona uso wake kwenye simu, watu walioko Nairobi waliona. Mimi mtoto wake sikuona.

Wengine wote niliwasamehe kabla chai ya matanga haijapoa. Mzee wa kanisa, kaka zangu, wamama. Lakini yule aliyeshika upande wa pili wa shuka akacheka, sikuweza. Alinifuata jikoni akaanza, "Mama Riziki, ile asubuhi, mama yako..." Nikamkata. Nikamwambia, "Usimtaje mama yangu kwa kinywa hicho. Usimtaje tena kabisa." Akainamisha kichwa. Na kwa kuwa Mama Sifa ni mtu wa kushika neno, hakumtaja.

Hivyo tukanyamaza. Na ajabu ni kwamba kiwandani hakuna aliyejua. Mashine zina kelele, na sisi kazi yetu ilikuwa ya mikono. Mikono iliendelea. Mashuka yalitoka yamenyooka kuliko zamani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anapiga soga. Marcia akatusifu. Nilirudi nyumbani na sifa hizo nikalia kwenye basi, uso nimeugeuzia dirishani, theluji inapita, taa zinapita, mtu wa pembeni akanipa karatasi laini bila kuniangalia.

Kanisani ndiko tulikokamatwa. Mnajua kwetu Meza ya Bwana haichukuliwi ukiwa na neno na mtu. Wiki nzima kabla yake watu wanapigiana simu, wanaombana radhi, wengine kwa makosa ambayo mwenzao alikuwa hata hakuyajua. Jumapili ya Meza ilipofika, sahani ya vikombe vidogo ikaja kwenye safu yangu, nikaipitisha. Nilipoinua macho, upande wa kwaya, Mama Sifa naye alikuwa anaipitisha. Yeye hakuwa na neno na mimi. Aliipitisha kwa sababu alijua mimi ninalo. Hilo lilinikasirisha zaidi. Nilitaka anywe, ili nipate kumlaumu na kwa hilo.

Mwezi uliofuata ikawa hivyo tena, na uliofuata pia. Mchungaji alikuja nyumbani. Akaanza kwa mbali, habari za mizabibu na matawi. Nikamwambia, "Mchungaji, kunywa chai kabla haijapoa." Akanywa, akaondoka. Usiku nilikuwa napiga magoti lakini sala haikutoka mdomoni. Ilikaa kama kipande cha muhogo mkavu. Niliogopa, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimevuka ziwa na mabunduki nyuma yangu, nimezika mume kambini, na imani haikuwahi kunitoka. Na sasa nilikuwa naiona inakauka kwa sababu ya kicheko kimoja. Niliyajua ya Marcia, ya unyevu na ya maji baridi. Kujua hakukunisaidia. Nilikuwa na moto tu ndani, na kila nilipojipiga pasi, mikunjo ilizidi.

Theluji ikaisha. Watu wakaanza kutembea na ndala. Asubuhi moja nikiwa kwenye basi, simu yangu ikalia. Alikuwa Mzee Elia, mzee wetu wa kanisa, na sauti yake ile ya kunong'ona ambayo haina siri yoyote, kwa kuwa mnong'ono wa Mzee Elia husikika basi zima.

"Mama Riziki, uko kazini leo na Mama Sifa?"

"Niko njiani."

"Kaka yake, Yakobo, amefariki kambini. Yule aliyemlea. Wanazika leo leo, alasiri ya kwao. Tutakwenda kwake jioni. Umesikia? Usimwambie. Kaa naye tu vizuri."

Simu ikakatika. Nilitazama nje. Kulikuwa na jua, watoto wanakwenda shule na mabegi makubwa kuliko migongo yao. Nilihesabu masaa ya kule na ya huku. Alasiri yao ilikuwa asubuhi hii yetu.

Nilipofika, Mama Sifa alikuwa tayari amesimama mahali pake. Mvuke ulikuwa umeshapanda. Jua la dirisha la juu lilikuwa limeingia ndani ya ule mvuke likabaki humo, kila kitu kikawa na rangi ya maziwa, na yeye katikati, anaimba chinichini sehemu yake ya alto, ambayo ukiisikia peke yake haieleweki ni wimbo gani. Nikashika pembe zangu. Tukavuta. Na kupitia kile kitambaa nikahisi kwamba leo goti halimsumbui, kwamba amelala vizuri, kwamba kaka yake yu hai. Kwake alikuwa bado yu hai. Aliishi ndani ya ule wimbo, na mimi nilikuwa na neno moja mdomoni la kumwua.

Sikujua kwamba ulimi unaweza kuwa mzito hivyo. Shuka la kwanza liliingia mshazari. La pili pia. Mama Sifa akanitazama usoni, jambo ambalo hatukuwa tunalifanya, kisha akasema neno lake la kwanza kwangu tangu wakati wa theluji.

"Mama Riziki, uko mgonjwa?"

Na mimi nikatabasamu. Sikukusudia. Uso wangu ulifanya wenyewe. Ulikimbia mbele kumfunika kama unavyomfunika mtoto anaporushiwa kitu. Nilihisi meno yangu yapo nje. Nilihisi mashavu yanauma. Hapo, nikiwa nimeshika shuka la mtu nisiyemjua, nikakijua kile kicheko chake. Nilikijua kwa ndani, ladha yake yote, na nikaona jinsi kilivyomgharimu, na kwamba alikuwa amekishikilia kuanzia asubuhi mpaka jioni kwa ajili yangu, na samaki juu yake.

Ningeweza kunyamaza. Sasa nilikuwa na haki yote ya kunyamaza, na Mzee Elia nyuma yangu. Lakini nilitazama saa ya ukutani. Nilimpenda yule mama. Sikutaka apate kile nilichopata mimi.

Kuna kitufe chekundu kwenye pasi kubwa. Hukigusi isipokuwa mkono wa mtu umenaswa. Nilikibonyeza. Silinda zikapunguza mwendo, zikasimama, na ule ukimya wa kweli ukaingia kiwandani, hata nikasikia maji yanadondoka mbali. Nikaweka pembe zangu chini, nikazunguka mashine kwenda upande wake. Miaka yote ile sikuwahi kusimama upande ule. Nilipokuwa njiani tu, yeye akaachia shuka.

"Juu ya nini unakuja huku?" akauliza. "Mama Riziki. Ni nani?"

"Kaa chini kwanza," nikamwambia. Nikamketisha kwenye toroli la taulo, nikamshika mikono yote miwili. "Ni Yakobo. Bado hawajamzika. Unaweza kumwona."

Desturi yetu inataka watu wajae. Basi walijaa. Marcia alikuja mbio akidhani mkono umekatika. Akaja yule Mfilipino wa mashine za kukausha, wakaja wamama wa Kipunjabi wanaokunja taulo, vichwa vimefunikwa, mmoja ameshika chupa ya maji. Hakuna aliyejua Kiswahili. Mama Sifa alilia kwa kilio chetu, kile cha nyumbani, chenye jina la marehemu ndani yake, na wao wakasimama hapo wakakipokea. Mama mmoja wa Kipunjabi akaanza kumpapasa mgongo na kusema maneno yake. Marcia hakuuliza mashine itawashwa lini. Akatufungulia chumba cha mashuka yaliyokamilika, akasema, "Ingieni na simu. Kanuni ni yangu, nitaishughulikia mimi."

Chumba kile kilikuwa kidogo, kimejaa mashuka meupe mpaka juu, bado yana joto. Tuliketi kwenye mafurushi, bega kwa bega, simu kwenye magoti. Picha ilikuja, ikaganda, ikaja. Tukaona udongo mwekundu, maturubai, watu wengi wanaimba. Wakaleta simu karibu na jeneza wakafunua, na Mama Sifa akamwona kaka yake. Alimsemesha. Alimshukuru kwa mambo mengi, mengine ya utotoni ambayo mimi sitayaandika. Kule mtu akasema kwa sauti, "Dada yake wa Kanada yupo, anaona," na watu wakaitikia. Kisha wakaimba wakamshusha, na mtandao ukakata.

Tulikaa. Joto la mashuka lilikuwa linatuzunguka pande zote. Ndege ikapita juu, kishindo chake kikatulia. Nilifikiri atalia tena, lakini yeye alifuta uso kwa kofia yake ya nywele, akanigeukia.

"Ulinikataza kumtaja mama yako," akasema.

"Mtaje," nikamwambia.

"Ile siku nilikuwa na simu ndani ya soksi. Ulipokuwa unavuta mashuka na Marcia, mimi nilikuwa chooni. Nilikaa huko mpaka mwisho. Nilisema, kama mtoto wake hawezi kuona, basi mtu wa upande wake aone. Nilimwangalia kwa macho yako."

Nilimshika kiwiko.

"Walimvalisha kitenge cha kijani chenye maua ya njano. Kilemba walikifunga vibaya, shangazi yako akagomba, akakifungua, akakifunga tena vizuri mbele ya watu wote, jeneza likangoja. Walimwekea kitambaa mkononi. Mvua ilikuwa inataka kunyesha lakini haikunyesha. Waliimba zile nyimbo za kina mama, na mimi nikawaitikia alto chinichini, mlango nimeufunga."

"Na uso?" nikauliza. "Uso wake ulikuwaje?"

Mama Sifa alifikiri, kwa sababu hapendi kusema uongo hata wa kumfariji mtu.

"Ulikuwa uso wa mtu anayesikiliza," akasema. "Kama mtu ameita nje, na yeye amenyamaza asikie ni nani."

Nje ya mlango Marcia aliwasha tena pasi kubwa, pole pole, na sakafu ikaanza kutetemeka chini ya miguu yetu. Jumapili ile ilikuwa ya Meza, na sote wawili tulikunywa. Lakini mimi nahesabu kwamba nilikula na kunywa mle chumbani kwanza. Nilimwomba Mama Sifa anieleze tena, tangu walipomtoa nyumbani. Akafunga macho, akaanza tena, na safari hii nilimwona mama yangu.